Baba Edna na Meno Saba ya Saa ya Mbao

Baba Edna, mwaka umetimia tangu ile Jumatano ya mvua ulipotuacha, ukiwa kitini na miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Padri Phineas alituomba tusilie kwa sauti. Alijua hukupenda kelele.

Ulikuwa fundi saa Mwanza, kisha ukatengeneza lifti huku Maryland, Marekani, miaka ishirini na sita. Hapa Riverdale Park ulimuuliza kila mtu "Umekula?" kabla hata ya habari, na ole wake aliyejibu bado.

Ulipostaafu ulihamia chumba cha chini na saa zako za ukutani, zile za kale za Kimarekani. Uliwapenda mafundi wa mwanzo, ambao shaba iliwashinda bei wakachonga magurudumu kwa mti wa cheri.

"Mama Edna, njoo uone! Fundi huyu alikufa karibu miaka mia mbili iliyopita, lakini bado ananisahihisha kazi."

"Mwambie akusahihishe na kufua soksi," nilikujibu, unga mikononi.

Ndipo akaja Bwana Atiba wa Takoma Park, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukisema vizuri kuliko watoto wetu. Alileta saa ya bibi yake: haina kabati, mizigo yake ya kuiendesha ni makopo yaliyojazwa mchanga, na magurudumu yake ya mbao yamepoteza meno saba. Wengine walimshauri atupe mashine ile aweke ya betri. Dada yake, Bi Kesi, angetimiza miaka tisini baada ya wiki tatu, naye hakuwa ameisikia saa hiyo tangu utotoni.

"Ndugu Method, je, inawezekana?"

"Inawezekana, ndugu."

Lakini mikono yako ilikuwa imeanza kutetemeka. Ulidhani hatujui. Meno mawili ya kwanza yalipasuka, nikakukuta umekaa tu.

"Violet, nimemdanganya mtu."

Hukuwa umeniita Violet tangu Edna azaliwe. Nikajua mambo ni mazito. Nikampigia simu binti yako Edna kule Greenbelt, anakochora vipuri vya setilaiti.

"Dad, just show me," alisema akivuta kigoda.

"Niambie kwa Kiswahili. Kisu changu hakijui Kiingereza."

Akacheka. "Basi nionyeshe, Baba."

Jino lake la kwanza lilivunjika. La pili likatoka nene kama kidole gumba. "Fuata nyuzi za mti, mama, usishindane nao," ulimwambia, na Jumamosi mbili nzima niliwaletea chai ikapoa. La saba lilikaa mahali pake Jumapili, baada ya Misa.

Siku ya sherehe mliitundika kwa Bwana Atiba. Ikatembea dakika kumi, ikasimama. Ukatega sikio. "Haiumwi, inachechemea tu." Ukaisogeza kushoto upana wa kidole, ukawaambia watu waendelee kula.

Saa saba mchana kengele ikalia. Bi Kesi akaweka uma chini. "Hiyo hiyo! Ndiyo iliyotuamsha kwenda shule!" Akakuinua mcheze, nawe hukuwahi kujua kucheza. Watu walipokupigia makofi, ulimsukuma Edna mbele.

Wiki tano baadaye ukaondoka.

Mwezi wa nne Bwana Atiba aliufungua uso wa saa apanguse vumbi. Nyuma yake mafundi wamekwaruza majina yao: mmoja wa mwaka 1824, mwingine wa 1871. Chini yao, kwa mwandiko wako uliotetemeka: "Edna binti Method, Riverdale Park." Akatutumia picha.

Edna alilia. "Mama, amejisahau. Ameandika mimi tu."

"Soma tena, mwanangu. Binti nani?"

Alisoma tena. Kisha akashuka chumba chako cha chini, akafuta vumbi kwenye meza yako, akatundika koti lake kwenye msumari wako. Sasa anatengeneza saa tatu za watu, na soksi zake anafua mwenyewe.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, Violet. Mwanao Edna na mumewe Amari. Mdogo wako Cosmas na jamaa wote wa Mwanza. Rafiki yako Khalfan. Bwana Atiba na Bi Kesi, ambaye bado anasimulia ulivyomkanyaga vidole.

Tunakukumbuka leo, Baba Edna, na siku zote tutakukumbuka.