Nimeuliza Minazi ni ya Nani

Jumatano, alasiri imeshapita. Mawingu yamefunga tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Mwili wote unanata.

Leo serikali imemrudisha Mama Mutua.

Wamekuja kwa lori lenye askari, yeye na jamaa wengine waliokikimbia kijiji chetu vurugu za mashamba zilipozuka. Miaka yote hii walikuwa kwenye mahema huko Kinango, wakigombania maji. Mumewe amefia huko huko. Nilipompa shikamoo akaitika marahaba, akanishika kichwa kama zamani, maana wanangu wawili wa kwanza yeye ndiye aliyewapokea walipozaliwa. Nyumba yake ilichomwa. Wamempigia hema pale pale palipokuwa na jiko lake.

Afisa aliyewaleta ni kijana wa bara, mpole, viatu vinang'aa. Alituita sote shambani, chifu na wazee wakiwapo, akatuonyesha mipaka, akasema shamba ni la Mama Mutua, serikali imeamua na yamekwisha. "Kuna swali?"



Ningecheka kama si hofu. Yeye alikuwa akitazama ardhi, sisi tulikuwa tukitazama minazi. Katikati ya shamba lile kuna minazi michanga, imenipita kimo kidogo tu, aliyoipanda shemeji yangu Bakari, kaka mkubwa wa mume wangu. Na huku kwetu ardhi yaweza kuwa yako, na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mwenzio. Mwenye mnazi huingia atakapo, hupalilia, hukwea, huangua, na wanawe vivyo hivyo baada yake. Afisa angepanda gari akaenda zake, na Bakari angekuwa akiingia kwa yule mama na panga mkononi siku zote, kwa haki yake.

Mama Mutua anaijua desturi hii kama niijuavyo mimi. Hakuuliza. Alinitazama tu.

Mdomo wangu huu! Hamisi, mume wangu, kila siku huniambia utanitia matatani. Nikainua mkono. "Na minazi ni ya nani?"

Bakari akajibu bila kupepesa kwamba ni yake, na kwamba marehemu Mzee Mutua mwenyewe alimpa ruhusa, akaipanda kabla hawajaondoka. Hiyo ruhusa ya mwenye shamba ndiyo inayompa mpandaji haki, na marehemu hawezi kuulizwa.

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini miche ile ilitoka uani kwangu. Nazi zilichipua kando ya bafu, penye maji ya kuogea, na siku Bakari alipokuja kuichukua nilikuwa nimekaa mlangoni namnyonyesha Riziki. Na kijiji kizima kinajua kwamba Riziki alizaliwa Mama Mutua keshakimbia, kwa sababu uchungu uliponishika nilimlilia kwa jina, majirani wakasikia, na hakuwapo wa kuitika. Nikayasema hayo yote mbele ya chifu: minazi ilipandwa wenyewe wameshaondoka.

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Chifu akatamka kwamba aliyepanda bila ruhusa hana mti. Bakari hakubisha. Aliniangalia, akasema, "Ahsante, shemeji," akaondoka.

Wallahi, heri angenitukana.

Nilidhani Mama Mutua angenikumbatia. Lori lilipoondoka na askari wao, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mimi ningeivumilia minazi yake. Angeingia, angetoka, tungesalimiana. Sasa umemvua nguo mbele ya watu. Wewe unarudi kwako, na mimi nalala kwenye turubai."

Nilijiona mjinga mkubwa, nilivyosimama pale na haki yangu mdomoni. Na bado nina hasira. Namkasirikia Bakari, namkasirikia yule afisa asiyejua alichokuwa akikigawa, na astaghfirullah, namkasirikia hata Mama Mutua. Kwa nini alinitazama vile kama hakutaka niseme?

Askari wamesema watakuwa wakipita kuangalia hali. Watapita lini, hawakusema.

Kwa hiyo nimeamua kwenda kulala naye. Nimekunja mkeka, nimetia chai kwenye chupa, na nimemwambia Riziki avae viatu twende wote. Niliwaza hivi: mtu akija kwa shari, akamkuta mtoto wa ndugu yake amelala mlangoni, ataona haya arudi.

Hamisi alikuwa hajasema nami tangu mchana. Aliposwali alasiri alipitia kwa kaka yake, akakaa huko, kisha akarudi na kuketi barazani. Wali hakuugusa. Nilipomwambia ninakokwenda, nilijiandaa kwa ugomvi. Hakunikataza. Alisema neno moja tu, macho yake yakiwa chini.

"Riziki mwache hapa."

Nimeingia chumbani, ndiyo naandika haya kwenye simu, na mtoto ananivuta kanga twende. Labda ni mbu. Labda ni baba tu anayetaka mwanawe alale kitandani pake. Ya Rabi, nataka sana iwe hivyo. Lakini mimi ni mkewe, na mimi hakuniambia nibaki.

Hamisi, umesikia nini kwa kaka yako?

Nimemvua Riziki viatu. Mimi nakwenda.