Sekela, Diski ya Mwalimu Haikufa kwa Mkono Wako

Mwanangu Sekela, mzaliwa wangu wa kwanza,

Nakuandikia hapa mbele za watu, kwenye kundi la simu la akina mama wa usharika wetu wa Uyole, ambamo na wewe umo ingawa hujibu chochote. Nimefanya hivyo kwa sababu sifa zako nilizitangaza mbele za watu. Hakuna mama wa kwaya ambaye hajasikia kwamba mwanangu anafufua kompyuta zilizokufa. Sokoni mtu akiniuliza bei ya viazi, namtajia bei, halafu namtajia na wewe. Sasa kuna neno nimelificha, na mimi sioni haki lipite mlango wa nyuma.

Juzi uliniambia kwa simu kutoka huko Chunya kwamba chuo chako cha Iringa kinakutaka urudi ukafundishe ufundi, na wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Mimi nikaanza vigelegele. Wewe ukasema, "Siendi, mama. Mtu aliyeua diski ya mwalimu wake atawafundisha nini watoto wa watu?" Nikasingizia mtandao, nikakata simu. Nilikaa jikoni na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua.

Unaikumbuka likizo ile ya chuo, mwanangu? Ulikuwa unaweka skrubu kwenye kifuniko cha chupa ya chai, na hakuna aliyeruhusiwa kunywa chai mpaka zote zirudi mahali pake. Mwalimu Ambakisye, jirani yetu aliyekufundisha kusoma, akaja na laptopu yake kwapani. Kuiwasha tu ilichukua muda wa kuivisha maharage. Alishanunua diski mpya, akataka umhamishie vitu vyake vyote kutoka ile ya zamani. Ukanionyesha vitu vyenyewe: majina ya watoto wote aliowafundisha, na kila jina na neno lake. "Huyu alichelewa kila siku kwa sababu ya ng'ombe, leo ni nesi." Na wewe ulikuwemo: "Sekela, anauliza kabla sijamaliza." Tulicheka sana.

Asubuhi ile ukaunganisha zile diski mbili, ukaniambia, "Mama, naenda kwa jirani Tumpe kuazima bisibisi ndogo. Hii inakopi. Betri yake ilishakufa, inaishi kwa waya tu. Usiguse kitu."

"Niguse mimi? Mimi na madude yako wapi na wapi!"

Nilisema hivyo, mwanangu. Kisha nikaiona sare yangu ya kwaya kitandani, imejikunja kama karatasi ya maandazi. Tulikuwa na ibada ya mazishi saa nne, na mimi ndiye wa mstari wa mbele. Soketi yetu inayofanya kazi ni moja. Nikachomoa waya wako, nikachomeka pasi. Nikanyoosha gauni, nikanyoosha na kola. Halafu nikaurudisha waya pale pale, nikijua mashine itaendelea ilipoishia, kama redio inavyoendelea.

Uliporudi, kioo kilikuwa cheusi na maneno meupe mawili matatu. Ukayasoma, ukaniambia mashine inasema haioni pa kuwakia. Ukauliza, "Mama, kumetokea nini?"

Nikasema, "Umeme ulikatika kidogo."

Nchi hii nani angebisha? Hukubisha. Ukaweka sikio kwenye ile diski ya zamani, ilikuwa inagonga, ka, ka, ka. Hukumlaumu mtu wa umeme. Ulijilaumu mwenyewe. "Ni mimi. Fundi hakopi kwenye mashine isiyo na betri. Ningeitoa diski kwanza." Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimependeza.

Siku tatu sikukuona ukicheka. Uliifunga ile diski kwa waya kwenye laptopu yako, ukawa unaisoma kidogo kidogo. Ikipata joto unaipumzisha, feni umeielekezea yenyewe, wewe unatoka jasho. Nikakuuliza kwa nini huivuti yote mara moja. Ukanijibu, "Palipooza naparuka, mama. Nikilazimisha nitapoteza na pazima." Neno hilo nimelitumia hata kwenye vikao vya akina mama, sikusema ni lako.

Majina ulipoyapata ukayatunza kwanza mahali pengine, ndipo ukaigeukia diski mpya. Mashine ikagoma kuamka. Ukaingia kwenye mipangilio yake, ukaiambia itazame diski mpya kwanza. Ikagoma. Ukachomeka flashi, ukaitengenezea upya kile kipande kinachoiamsha. Ikawaka! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani kaposwa, na moyoni nilijua hasa ninachokizima kwa kelele zile.

Darasa moja tu halikurudi, lile la mwisho kabla Mwalimu hajastaafu. Nilikusindikiza kwake. Ulipiga goti ukasema, "Shikamoo, Mwalimu. Darasa lako la mwisho nimelipoteza. Diski yako nimeiua." Yeye akasema, "Marahaba. Hao nitawaandika upya, bado wananipigia kelele kichwani." Hukumaliza chai yako. Mimi nilimaliza yangu, nikaomba na ya pili, nikamweleza umeme ulivyokatika na wewe ulivyo na akili.

Tangu siku hiyo nikawa nakusifu maradufu. Nilidhani sifa zitaziba. Kumbe wewe kila uliposifiwa uliisikia ile diski inagonga.

Jana nikaenda kwa Mwalimu peke yangu, nikamwambia yote, na pasi na kola. Akanitazama. "Mama Sekela, mbona nilijua."

"Ulijua vipi?"

"Umeme siku ile kwangu haukukatika, na nguzo yetu ni moja."

"Sasa mbona ulinyamaza miaka yote hii?"

"Nilikuwa namngoja mwenye mdomo aseme. Na mdomo unao!"

Nikacheka, halafu nikalia pale pale kwenye kiti chake. Akaniambia nisimlilie yeye, nikuandikie wewe.

Basi nimekuandikia. Sikukwambia kwa sababu niliona haya, mwanangu. Mimi wa darasa la saba nimezaa mtu kama wewe, niliogopa usije ukaona kwamba mikono iliyokulea ndiyo iliyokuharibia. Nikakuachia mzigo wangu ukaubeba mpaka Chunya. Ukinikasirikia, kasirika, una haki, nami nitapokea. Ndaga fijo, asante sana, kwa uvumilivu wako.

Lakini Iringa nenda. Majina yale uliyaokota moja moja kutoka kwenye diski inayokufa, na hukuwa hata na cheti. Hilo ndilo la kuwafundisha watoto wa watu. Wakikuuliza kama umewahi kupoteza kitu cha mtu, usiiname. Waambie, "Ni darasa moja, na aliyelipoteza ni mama yangu." Nimekuruhusu, na jina langu uwatajie.

Kwaheri, mwanangu, na unisamehe.

Ni mimi mama yako mzazi,
Uyole