Umeme wa Kwetu

Tarehe 4 Mei

Shikamoo baba,

Hujambo? Na mama ameamkaje? Mimi mzima, ila mafua yananisumbua. Kwa kuwa ukipigiwa simu unanisikia kama mtu anayeongea ndani ya pipa, bora nikuandikie.

Wamenihamishia chumba cha majaribio. Tunapima mashine za oksijeni, na moja ni aina ileile anayotumia mama hapo nyumbani. Nina mtambo unaotoa umeme wa namna yoyote ninayotaka. Naupa amri mapema: kaa kwenye volti 230, ukipata ishara yangu, shuka hadi 160, kisha rudi. Unatulia, unasubiri. Nikibonyeza, unashuka papo hapo.

Hebu niambie, umeme wa huko kwetu hufanyaje? Nataka kuuigiza.

Mwanao

Tarehe 6 Mei

Marahaba mwanangu,

Sisi tupo. Mama yako anakusalimu, anasema hayo mafua unaringia, mwangalie yeye. Leo amekaa kitako akanicheka nilivyounguza uji.

Umeme? Fundi wa kuchomelea mageti hapo jirani akianza tu, taa inasinzia, inafumba macho kabisa, halafu inarudi na hasira. Mashine inakohoa kidogo, inaendelea. Usijitie presha.

Baba yako

Tarehe 9 Mei

Shikamoo baba,

Habari za hapo, na kifua cha mama? Nimeuigiza umeme wenu. Niliushusha mara moja, mashine ikastahimili. Nikaushusha mara mbili mfululizo, ikazima, na haikuwaka tena mpaka nilipobonyeza kitufe. Ilibaki inapiga filimbi tu.

Nikamwita bosi. Akasema, "Si imepiga filimbi? Basi imefaulu. Inatakiwa ionye, imeonya."

"Na kama aliye chumbani hasikii?"

"Wewe unapima mashine, hupimi masikio ya watu."

Baba, tafadhali mwombe fundi asichomelee kwanza. Nimeomba ruhusa, nitakuja wiki hii. Na mama asikae bila mtu anayesikia vizuri. Usikasirike.

Mwanao

Tarehe 10 Mei

Marahaba mwanangu,

Sikukasirika. Labda kidogo. Fundi ni muungwana, ameweka kazi ya kuchomelea kando, anakata vyuma kwa msumeno wa mkono. Shangazi yako atakuja kesho kutwa kukaa nasi. Mpaka hapo mimi sibanduki chumbani. Masikio yamekufa, macho ninayo.

Baba yako

Tarehe 11 Mei

Shikamoo baba. Umenyamaza. Mama yuko vipi? Niandikie hata neno moja.

Mwanao

Tarehe 12 Mei

Baba, shangazi anapokea simu halafu anakata. Nipo njiani nakuja.

Mwanao

Tarehe 8 Juni

Mwanangu,

Ulifika salama? Unakula? Mimi nipo tu. Utasema kwangu ni kimya siku zote, lakini kimya cha nyumba hii nakisikia.

Siku ya maziko sikuweza kukueleza, watu walikuwa wengi. Haikuwa kosa la fundi. Hakuwa amechomelea chochote. Umeme ulijikatakata wenyewe, mchana kweupe. Nami sikutoka chumbani, mwanangu. Nilikuwa nimempa mama yako mgongo, nakunja nguo zake, namsimulia ulivyobishana na bosi wako. Nasimulia na kucheka. Fundi ndiye aliyesikia filimbi kutoka barabarani, akaingia mbio bila hodi. Nikageuka nimuulize kulikoni, ndipo nikamwona mama yako.

Fundi alibonyeza kitufe. Mashine ikawaka vizuri kabisa.

Ujumbe wako wa jana nimeusoma, kwamba umerudia jaribio, inazima kila mara, na bosi ameandika imefaulu. Usinieleze tena kwa nini ilizima. Nimeelewa. Ningekuwa sijaelewa, ningelala.

Shangazi yako anauliza zile nguo nilizokunja tumpe nani. Kila siku anauliza, nami najifanya sijamsikia. Mjibu wewe.

Baba yako