Saba na Nusu Kutoka Darajani

Jumatatu, 18 Novemba

Mtihani uliisha Ijumaa. Leo sina sare ya kuvaa. Nimekaa jikoni kama mgeni.

Saa nne baba amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka. Gari limekua! Matairi mapya manne, makubwa, yenye meno kama ya mamba. Ameyapata kwa mtu anayepeleka watalii milimani. Kijiji kizima kikatoka. Ntate Mokete, mzee wa banda la sufu, akasema baba amemvika farasi mzee buti za askari. Nkhono 'Mathabo, bibi aliyekuwa anakwenda kliniki, akashindwa kupanda, akamuuliza baba. "Ralimpho, mwanangu, ngazi ya kanisani utaileta lini?" Tukamwekea kreti ya bia.

Baba hajacheka hivyo tangu theluji iyeyuke.

Jumatano, 20 Novemba

Nimeanza kwenda na baba, kuandika mizigo. Simtazami mtu usoni. Naandika tu.

Kwenye kivuko, pale tunapokata mto, tumepita bila tumbo la gari kugusa hata jiwe moja. Zamani tulikuwa tunauma meno wote. Kwa hilo matairi ni mazuri. Lazima niseme ukweli.

Lakini kupanda! Palipotosha gia ya tatu, sasa gari linakohoa. Baba anarudi ya pili, kisha ya kwanza. Klachi inanuka kama nywele zilizoungua. Na kushuka ndiko kubaya. Zamani gia ya kwanza ilikuwa inalishika gari. Leo lilikuwa linatoroka tu, baba breki kila kona. Nkhono akaanza wimbo wa kanisani — wakati wa kwenda! Huwa anaimba tukishafika.

Mshale wa mwendo ulisema arobaini. Nguzo za umeme zilikuwa zinapita kwa haraka zaidi.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimepima. Tairi la akiba bado ni lile la zamani. Nikalitia alama ya chaki, nikalizungusha uani mara moja: mita mbili na sentimita thelathini na moja. Jipya nikalizungushia uzi wa sufu wa mama: mbili na sitini na tatu.

Kwa hiyo kila mzunguko gari linakwenda sentimita thelathini na mbili zaidi, na mita ya kilomita kwenye dashibodi haina habari. Inahesabu mizunguko tu. Ikisema saba, tumekwenda karibu nane.

Nilifurahi. Kisha nikakumbuka ukungu.

Baba ndiye dereva pekee anayeshuka mlima huu kwenye ukungu. Wengine husimama darajani wakachemsha chai. Yeye hurudisha mita sifuri darajani, halafu anahesabu. Mbili, kivuko. Nne na robo, zizi la mawe. Saba na nusu, Kona ya Punda, kata kulia. Haioni kona. Anaijua. Miaka kumi na tisa!

Sasa kona itafika mita ikisema sita nukta sita. Na upande wa kushoto hakuna kitu. Punda aliyeanguka hapo, aliyeipa kona jina, hakuonekana tena.

Ijumaa, 22 Novemba

Mezani nilifungua mdomo. Baba akasema, ugali umebaki? Nikampa ugali.

Jumamosi, 23 Novemba

Jua kali. Macho yangu hayakutoka kwenye mita. Kona ya Punda: sita nukta sita. Kabisa! Baba aliiona kona kwa macho, akakata kulia huku anapiga mluzi. Hakutazama mita hata kidogo.

Mjini fundi amemwambia matairi haya yanataka difu, yaani gia ya ekseli, yenye meno mengine, ndipo injini ipate nguvu yake. Wiki tatu kuiagiza. Mpaka hapo, mlimani atumie gia nzito, ile ya mkono wa pili inayotambaza gari.

"Difu yangu ina umri wa huyu binti," baba akajibu, "na haijawahi kulalamika."

Wote wakanitazama. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu! Nikatazama viatu.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua. Lori la sufu litafika barabara kuu keshokutwa saa sita, halirudi tena mpaka Februari. Marobota sita ya kijiji yanatungoja sisi.

Nimemwambia mama. Akasema, mwambie mwenyewe. Mimi nikikosea hesabu atacheka, na kesho wewe hatakusikia tena.

Ijumaa, 29 Novemba

Darajani. Saa tatu asubuhi. Ukungu — mwisho wa boneti sioni.

Marobota sita nyuma, Ntate Mokete na wakata manyoya wawili juu yake. Mbele ni baba, mimi katikati, Nkhono dirishani. Madereva wawili wamesimama. "Ralimpho, chai ipo!" Baba akapunga mkono, akarudisha mita sifuri.

Nikamwambia baba. "Ntate, kona iko sita nukta sita."

"Nini?"

"Matairi ni makubwa. Mita inachelewa."

"Limpho, ile kona haijahama tangu sijakuzaa."

"Kona haijahama, Ntate. Mita ndiyo imehama."

Akacheka. Nkhono hakucheka. "Mwache mtoto aseme. Wewe umekaa upande wa mlima. Upande wa shimo nimekaa mimi."

Baba akazima injini, akashuka. Kwenye kioo nilimwona anapima tairi la akiba kwa shibiri. Kisha jipya. Kisha la akiba tena. Akarudi kwenye usukani. Akavuta gia nzito.

"Hesabu wewe. Kwa sauti. Mimi macho yangu yako barabarani."

Mimi! Hata kwenye michezo ya shule sijawahi kupiga kelele.

Anawaambia walio juu wajishike. Naandika haraka. Jumamosi gari lilikuwa tupu. Leo matairi yamebonyea chini ya sufu, nimeyaona. Yakibonyea, mzunguko unapungua. Basi ni sita nukta sita, au sita nukta saba? Akikata mapema ni ukuta wa mawe. Akichelewa ni shimo. Sijui! Nitaanza kupiga kelele kwenye sita, tutambae kutoka hapo.

Injini imewaka. Nkhono amenishika goti. Baba anasema, kalamu chini, sauti juu.

Ubao wa mwisho wa daraja umelia chini yetu. Sifuri nukta moja. Nimeisema, hakusikia. Narudia —