Mtu Akigawa Vyombo

Mjukuu wangu, mume wangu,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika kama mawifi. Mama yako mzima, anaamini uko kwenye mitihani. Wewe sikuulizi hali, maana kila nikiuliza unajibu salama tu, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Jana mwenzako wa chumbani alinipigia simu. Kijana ana adabu, alizunguka sana kabla ya kufika. Alisema huendi tena wodini, pazia hulifungui, chakula anachokuletea kinalala. Akasema una sonona. Nikamwuliza kama inaambukiza, nimwambie mama yako achemshe mashuka. Akacheka, kisha akalirudia neno lile lile polepole, nami nikajua si la kuchekwa. Kumbe ni kule kule kusononeka kwetu, ila ninyi madaktari mkiliokota neno mnalivika koti jeupe. Alisema darasani kwenu mko wengi, mnafichana. Mnausoma ugonjwa asubuhi, jioni mnalala nao shuka moja. Kinyozi hajinyoi. Nani aliwadanganya kuwa daktari haugui?

Hayo ningeyavumilia. Kilichonitoa nyumbani ni neno lake la mwisho, kwamba umempa kile kipimo chako cha kusikilizia moyo, na koti, na viatu vyako vizuri, ukisema havikuhusu tena. Yeye alidhani unaacha masomo. Mimi nimeshazika watu. Mtu akigawa vyombo, anahama. Wewe unahamia wapi bila kuniaga? Nakuuliza waziwazi, na utanijibu waziwazi: unataka kufa?

Masomo yakikushinda, yaache. Ndiyo, nilijivuna kwa majirani kwamba nina mjukuu daktari. Nitajivunia na mjukuu muuza mkaa vilevile; mdomo ni wangu. Lakini kaburi silijivunii.

Sasa sikia. Barua hii haikutoka nyumbani. Naiandikia kwenye meza ya mlinzi wa bweni lenu, kwa kalamu yake inayokwaruza kama kuku. Amekataa nisipande, eti humu hawaingii wanawake. Nimemwambia nimemfuata mume wangu. Amecheka, lakini mlangoni habanduki. Basi mwenzako ndiye anayekupandishia barua, kwa kuwa simu umezima.

Shuka. Usioge, usichane nywele, usitafute la kusema. Mwenzako anamjua daktari wa mambo haya na chumba chake. Tutakwenda wote watatu, nami nitaongea mpaka utakapopata sauti. Usiposhuka nitapanda, na huyu mlinzi atawaeleza wakubwa wake alivyoangushwa na kikongwe.

Mama yako anakusalimu, ingawa hajui kama nimekuja. Jirani naye anakusalimu, na domo lake.

Ni mimi, niliye hapa chini,
Bibi yako.

Benchi lenyewe ni gumu. Usinikalishe.