Isale Nililolitupa

Jumamosi, 9 Novemba 2024. Elerai, Arusha

Begi limefungwa. Angel kaniwekea masweta matatu — Novemba ya Ulaya si mchezo, anasema. Mke wangu huyu hajawahi kuvuka mpaka wa Namanga, lakini baridi ya Ulaya anaijua!

Siku saba. Trieste, mji wa bandari kule Italia. Kahawa yetu ya Meru inashushwa pale. Kampuni inatutuma wawili tukaonje pamoja na wanunuzi: mimi muonjaji, na Loserian anayesimamia wakulima wa upande wa magharibi wa mlima. Miaka kumi na saba naonja kahawa, sijawahi kuona inakofikia. Ningepaswa kuwa na furaha.

Lakini Trieste ndiko aliko dada Kandida.

Jioni Mama kaniita chumbani kwake. Tumbo linamsumbua, hawezi kula vizuri. Jumatatu ya tarehe 18 anafanyiwa upasuaji, na kwa umri wake hata daktari hakutaka kusema maneno mengi. Mkononi ana jani la isale. Kalichuma mwenyewe pale kwenye ua, kwenye ile miche aliyoitoa kaburini kwa Baba, kijijini Kilema, akaja kuipanda hapa. Kalikunja, kalipiga fundo, kalitia kwenye bahasha ya sadaka.

Kwetu Wachaga ukiletewa isale, umeshikwa. Mtu anakuomba msamaha, na huwezi kusema hapana. Nimeona ugomvi wa shamba wa miaka thelathini ukiisha kwa jani moja. Mama alisema nimpe Kandida mkononi, nisimpe na hotuba.

"Mwambie Mama anasema basi."

Miaka tisa hawajasemezana, tangu tulipomzika Baba. Nikaitika, ndiyo Mama. Kumtazama usoni nikashindwa. Sababu ninayo. Siiandiki leo.

Jumatatu, 11 Novemba. Trieste

Nimelitupa.

Isale. Nimelitupa!

Ilikuwa uwanja wa ndege wa Venice, kabla ya kutoka. Bango kubwa ukutani: nyama, maziwa, matunda, mimea — vyote vimepigwa mstari mwekundu. Chini yake askari wa kike na mbwa. Nikajiona nimewekwa pembeni, nafunguliwa bahasha ya parokia yenye jani ndani, naulizwa hii ni dawa gani. Nitasema nini? Viza yangu. Jina la kampuni. Nikaingia msalani, nikalitumbukiza kwenye pipa, bahasha na vyote. Nikanawa mikono. Hata sikufikiri kumuuliza mtu.

Tukapita. Hakuna aliyetuuliza hata jina! Loserian ndani ya begi lake alikuwa na nusu kilo ya nyama kavu aliyofungiwa na mkewe. Mbwa alimtazama tu akapiga miayo.

Safari ya treni ikachukua saa mbili. Karibu na kufika bahari ikatokea upande wa kulia, chini kabisa, na ngome nyeupe juu ya jabali. Loserian alikuwa anapiga picha kama watalii wa kwetu kule hifadhini Ngurdoto. Mimi sikuiona vizuri.

Mama kapiga. Jani limefika salama? Nikamwambia lipo, Mama.

Lipo! Kwenye pipa la choo lipo.

Jumanne, 12 Novemba

Kazi tangu asubuhi. Vikombe arobaini. Ulimi haufanyi kazi, kila kahawa naiona chungu.

Kandida kaleta meseji: kaambiwa na Angel kwamba niko huku. Mbona kimya? Anafanya kazi Opicina, juu mlimani, anamtunza bibi mmoja wa miaka tisini na mbili. Mapumziko yake ni Jumapili. Nikajibu nitakuja. Sikutaja isale.

Jumatano, 13 Novemba

Leo wametupeleka bandarini kwenye maghala. Magunia hadi darini. Na nikayaona ya kwetu, yameandikwa Arusha kwa wino wa bluu, hapo katikati ya ya Brazili na Vietnam. Machozi yalinilenga, kusema kweli. Loserian akaligonga gunia kiunoni kama anapima ndama, akasema hili huenda ni la baba mkwe wake, limefungwa ovyo.

Baada ya kazi tukatembea mjini. Uwanja mkubwa, majumba pande tatu na upande wa nne bahari tupu. Upepo wa kukuvua kofia. Watu wanatembea kwenye gati refu, hadi mwisho, wanarudi. Hakuna wanachofuata huko. Loserian alisimama ukingoni akauliza maji yote haya na ng'ombe hawezi kunywa, faida yake nini? Tukaagiza kahawa, ikaletwa kwenye kigilasi cha ukubwa wa kidole. Akauliza hii ni ya kuonja au ya kunywa. Nilicheka. Halafu nikajisikia vibaya kwa kucheka.

Basi niandike. Daftari ni langu, nani atasoma?

Agosti 2015. Baba amefariki, mazishi Alhamisi. Mimi mwenyekiti wa kamati. Nimekimbia siku tano, sijalala vizuri, kila kitu kiko kwenye mstari — hema, ng'ombe, padre, kwaya — na watu wananisifu, huyu kijana amejipanga. Jumatano asubuhi Kandida akapiga simu. Tiketi kaipata, atafika Ijumaa. "Ndesa, mwambie Mama mnisubiri siku mbili. Mbili tu." Mtoto wa kwanza. Anataka kumtupia baba yake udongo. Siku mbili!

Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Niliona hema zinavunjwa zifungwe upya, padre anabadilisha ratiba, watu wanarudi Arusha na Moshi na kusema mengine. Nikajiambia Baba yuko mbinguni, hajali Alhamisi wala Jumamosi. Mama alipouliza Kandida anasemaje, nikajibu: anasema hawezi kuja, tuzike tu. Na Kandida nikamwambia: Mama amekataa kusubiri.

Uongo mara mbili, kwa asubuhi moja. Mazishi yalikwenda vizuri sana.

Kaburini Mama akasema mbele za watu kwamba kuanzia leo yeye hana mtoto wa kwanza. Maneno yakavuka bahari kabla ya jioni, ndugu hawakosi simu. Ndiyo maneno anayoyaombea msamaha. Mama yangu, mgonjwa, anainama kuchuma jani kwa kosa langu mimi! Na hilo jani nikalitupa.

Alhamisi, 14 Novemba

Kwenye mapokezi ya hoteli kuna chungu kikubwa, na ndani yake — isale! Nilisimama kama niliyeona ndugu. Si lenyewe hasa. Hili lina mstari wa njano katikati, la kwetu ni kijani tupu. Lakini shina lile lile, jani lile lile refu. Wanaliweka kama pambo. Mtu wa mapokezi ameliwekea kitabu cha ramani juu ya udongo.

Nikangoja ageuke. Nikachuma moja.

Loserian akatokea kwenye lifti. Akaniuliza nachuma mboga? Nikamweleza kidogo, kwamba Mama ana neno na dada yangu, jani nimelipoteza njiani. Loserian ni mtu wa mzaha lakini hapo hakufanya mzaha. Akasema na wao Waarusha wana nyasi, unazishika mkononi unapoomba amani.

"Lakini kwetu anayezishika ni yule aliyekosa."

Halafu akaenda kunywa chai. Hajui alichoniambia. Nilibaki pale nimeshika jani la wizi nyuma ya mgongo.

Nimejaribu kulipiga fundo kama la Mama. Limepasuka katikati. Fundo lake sikuliangalia vizuri hata lilivyokuwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Wenyeji wametupeleka Muggia kwa boti, mji mdogo ng'ambo ya ghuba. Nyumba za rangi, paka, wavuvi wazee wanacheza karata. Nimekula samaki asiye na ladha, au mimi ndiye sina. Usiku nilitafuta namna ya kumwambia Kandida kwa meseji. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Nikamtumia picha ya paka.

Jumamosi, 16 Novemba

Mama kalazwa. Angel anasema presha imepanda kidogo, madaktari wanaishusha ili Jumatatu wafanye. Anauliza habari moja tu: Ndesanjo keshaenda kwa Kandida?

Kesho, Mama.

Jumapili, 17 Novemba. Opicina

Niko nje, kwenye ngazi za nyumba anayofanyia kazi Kandida. Saa tisa na nusu mchana. Mwandiko huu sitaweza kuusoma hata mwenyewe.

Nilikuja kwa basi. Linapanda hadi bahari inabaki chini. Huku juu ni mawe na vichaka vyekundu, na vibao vya barabarani vina lugha mbili. Kandida alinisubiri kituoni. Amekonda. Ana mvi nyingi kuliko mimi. Alinikumbatia muda mrefu, akanishika mashavu kama nilipokuwa darasa la kwanza akinipeleka shule.

Bibi anayemtunza alikuwa amechukuliwa na bintiye kwa siku nzima. Kandida kapika ndizi nyama! Ndizi kazipata mjini kwa Mghana mmoja. Nikala sahani mbili, nikijua nitakachofanya.

Nikatoa jani lile la hotelini, na mpasuko wake. Nikasema: Mama anasema basi.

Alifuta mikono kwa aproni. Akalipokea kwa mikono miwili, akakaa chini, sakafuni, akalia bila sauti. Akauliza kama ni la kaburini kwa Baba. Nikasema ni la Elerai, mche wa kaburini. Ndiyo, nilisema. Tena bila kukwama.

Hakungoja. Kapiga simu ya video hapo hapo, Angel akapokea hospitali, akampa Mama. Shikamoo Mama. Marahaba mwanangu. Miaka tisa! Wanatazamana na kulia. Kandida akalinyanyua jani mbele ya simu, nimelipokea, Mama. Mama alilitazama. Akalitazama tena. Akasema asante. Na mimi nalia pembeni, mnafiki mkubwa.

Halafu Mama akasema alikosa kwa mdomo wake, mbele za watu. Siku ile aliumia sana mtoto wake wa kwanza aliposema wazike bila yeye.

Kandida aliacha kujifuta machozi.

"Mama, mimi sikusema hivyo. Niliomba siku mbili."

"Siku mbili zipi?"

"Nilimwambia Ndesa."

Kandida akageuka kunitazama. Sijui uso wangu ulifanya nini. Nikasema natoka kidogo, nipate hewa. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita!

Robo saa sasa. Dirisha la jikoni halijafungwa vizuri, nasikia kila kitu. Wanaulizana taratibu, siku gani, saa ngapi, alikuambia nini. Mama: aliniambia umesema tuzike. Kandida: aliniambia umekataa kusubiri. Hakuna anayepaza sauti. Ningependa wapaze. Ningependa mmoja wao atoke hapa anipige.

Wamemaliza kulinganisha.

Kisha Mama, sauti ndogo ya kitandani, akamuuliza Kandida mimi niko wapi. Kandida akamwambia nimekaa nje.

"Nje kwenye baridi hiyo? Mwite mdogo wako aingie ndani."

Kandida hajaniita. Nasikia anakivuta kiti. Nafunga daftari; mlango unafunguka.