Kitufe cha Serwaa na Simu ya Waziri

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituo cha polisi, Kumasi, siku ya Alhamisi tarehe 19 Novemba 2009, kuanzia saa 4:10 asubuhi.

Jina: Badu Amponsem
Umri: Miaka 54
Kazi: Muuza vipuri vya mashine za kusagia, Suame. Pia mshauri wa viongozi.
Elimu: Darasa la sita, lile la zamani
Makazi: Tafo, nyumba yenye geti la bluu

Hayo maneno "mshauri wa viongozi" nimeomba mwenyewe yaandikwe, na Sajenti Agbeko anayenihoji ameyaandika baada ya kubishana kidogo. Asiyenijua mimi hapa Kumasi ni mgeni au ni mtoto mchanga. Mawaziri wawili wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza nchi iendeshwe vipi. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Onyo nimelisikia.

Namfahamu mtuhumiwa, Serwaa Afriyie, umri miaka 26, fundi simu wa Adum. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Kwetu Waasante mtoto wa dada ndiye wa ukoo wako, na huyu ndiye mrithi wangu. Kumweka Serwaa mahabusu ni kuuweka ndani ukoo mzima, pamoja na duka langu.

Mnamo mwezi Oktoba 2008, tarehe siikumbuki ila mvua ilikuwa kubwa, nilikwenda kwenye meza yake saa tano asubuhi. Nikamwambia, "Serwaa, vikao vinanimaliza. Nikikaa siwezi kuondoka."

Akasema, "Si unyanyuke tu, Mjomba?"

Nikamwambia, "Mtu mkubwa hanyanyuki tu. Mtu mkubwa huitwa."

Alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Baada ya siku tatu akanirudishia simu yangu ikiwa na kitufe kidogo ubavuni, kama punje ya mtama. Ukikibonyeza mara mbili, unahesabu moja mpaka tano, simu inalia vilevile kama umepigiwa. Hakuna mtu upande wa pili. Hiyo kazi aliifanya kwa mikono yake, kwa waya na risasi ya kulehemu. Mimi nilitoa wazo, yaani nilitoa shida.

Watu walikiita kitufe hicho Gye Me, maana yake Niokoe. Wanakwaya walikitaka. Wake waliokuwa na mama wakwe walikitaka zaidi. Mchungaji mmoja, jina lake nalihifadhi, alikitaka kwa ajili ya vikao vya wazee wa kanisa.

Siku ya Jumamosi tarehe 29 Novemba 2008 yalikuwa matanga ya baba mkwe wangu, mzee Yeboah Asiama, huko Tafo. Mabango yalibandikwa mji mzima. Watu walikuwa mia nne, wote wamevaa nyeusi na nyekundu, na Ntim wa Video alikuwa akipiga picha kila kitu, hata masufuria. Saa saba na robo msemaji wa ukoo, mzee Tawia, aliniita kwa kipaza sauti nisome wasifu wa marehemu. Ulikuwa kurasa nne, kwa Kiingereza. Nilisimama. Nilikuwa tayari kuusoma vizuri sana. Mara simu yangu ikalia. Alikuwa ni Waziri. Nikasema kwa sauti, "Ndiyo, Mheshimiwa, nakuja," nikatoka. Wasifu ukasomwa na shemeji yangu, ambaye hana sauti.

Siku ya Jumatano tarehe 11 Februari 2009, saa nane mchana, alifika Adum mtu aliyejiita Bwana Larbi. Alisema anatoka kampuni kubwa ya simu ya ng'ambo, ambayo jina lake limo kwenye jalada hili. Alivaa viatu vyeupe, na Adum si mahali pa viatu vyeupe. Akasema, "Sisi hatuuzi leo. Tumekuja kujifunza kwa wananchi."

Serwaa alikuwa ameinamia simu ya mteja. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Ada ya shule umekuja nayo?"

Bwana Larbi akacheka, akaniona mimi. Akanialika chakula. Tulikula fufu, ule ugali wetu wa mihogo ya kutwangwa, na mchuzi wa mbuzi, nyama tano kwangu, mbili kwake. Akaniuliza kitufe kinafanyaje kazi. Nikamweleza. Akaniuliza waya unashikwa wapi. Nikafungua simu, nikamwonyesha, akapiga picha. Nikamwambia pia kwa nini ni tano na si tatu: ukihesabu tatu mkono bado uko mfukoni na watu wanakuona. Hilo lilimfurahisha sana, akaliandika mara mbili. Alinipa kofia yenye nembo ya kampuni. Kofia hiyo nimeikabidhi kwa Sajenti, ni kielelezo namba 1.

Niliporudi na kofia kichwani, Serwaa alisema, "Mjomba, mdomo wako ni redio isiyo na kitufe cha kuzima. Ukipata nafasi nitakuwekea."

Mwezi Oktoba mwaka huu kampuni hiyo ilitoa simu mpya yenye kitufe ubavuni. Bonyeza mara mbili, tano, inalia. Kwenye tangazo yuko kijana ametoroka kikao, anacheka na meno yote. Nilipoliona nikamwambia mke wangu, "Huyo ni mimi, ila wamempunguza tumbo."

Siku ya Jumanne tarehe 17 Novemba, saa tatu asubuhi, askari wawili walifika Adum pamoja na wakili wa kampuni. Walichukua meza ya Serwaa, vyombo vyake na simu kumi na nne. Wakili alisema Serwaa anauza bandia ya kitufe chao. Serwaa aliuliza, "Mtoto wa kwanza anawezaje kuwa bandia ya mdogo wake?" Akaletwa hapa, na mpaka sasa yumo ndani. Jana nilimpelekea kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki. Amekula vizuri. Kupitia dirishani aliniambia, "Mjomba, safari hii kawaambie yote. Nikikutwa na hatia sitashika tena bisibisi mjini hapa." Hakucheka.

Leo Sajenti amenionyesha karatasi ya kampuni. Inasema wataalamu wao walikibuni kitufe hicho ofisini kwao mwezi Machi 2009. Kisha ameniwekea diski ya Ntim, ya matanga. Tarehe inaonekana pembeni mwa picha: 29.11.2008. Ninaonekana nimesimama, karatasi mkononi, simu inalia, natoka.

Sajenti akasema, "Mzee Badu, nimeandika hapo juu kwamba Waziri alikupigia. Kama alikupigia, basi hii ni simu ya kawaida na diski haimsaidii binti. Kama hakukupigia, binti alikuwa na kitufe miezi minne kabla ya hawa. Nichukue lipi?"

Nimeomba maji. Nimeletewa maji. Nimeomba kwenda msalani, Sajenti amesema nikirudi swali litakuwa palepale.

Nimeomba yale ya Waziri yafutwe. Sajenti amesema maelezo hayafutwi, yanasahihishwa tu. Basi nasahihisha. Diski irudishwe nyuma kidogo, pale kabla simu haijalia. Mkono wangu wa kulia umo mfukoni, na midomo yangu inacheza. Ninahesabu. Ni moja mpaka tano, yeyote mwenye macho ataziona. Nyuma yangu yupo Serwaa na upawa wa mchuzi, naye anahesabu pamoja nami kwa kutikisa kichwa, huku amejiziba mdomo asicheke. Kiingereza cha kurasa nne sikukiweza, ndiyo maana nilibonyeza.

Hakuwa Waziri. Hakuwa mtu yeyote. Kilikuwa kitufe cha Serwaa, na Bwana Larbi alikipata kwangu kwa nyama tano za mbuzi.

Haya nimeyasema kwa hiari yangu, na niko tayari kuyarudia mahakamani, ila wakwe zangu wasiitwe. Na kwa kuwa nimekwisha kuonywa kuhusu uongo, niongeze hili moja. Tangu nimiliki simu, ukiondoa Serwaa na mke wangu, anayenipigia ni mmoja tu: mama wa Obuasi anayemtafuta fundi cherehani, namba amekosea. Nikiwa mbele za watu, huwa namjibu, "Ndiyo, Mheshimiwa."

Saini ya shahidi: B. Amponsem

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mimi, Sajenti Dzifa Agbeko, nikamsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi, akasaini saa 5:55 asubuhi. Simu ya shahidi nimeibonyeza mwenyewe mara mbili, nikahesabu hadi tano, ikalia. Hakuna namba iliyoingia. Imepokelewa pamoja na diski kama vielelezo namba 2 na 3. Mtuhumiwa ameachiwa kwa dhamana saa 6:30, vyombo vyake amerudishiwa, na mlalamikaji ameitwa kujieleza. Shahidi anaomba simu yake irudishwe mapema, kwa kuwa mama wa Obuasi anaweza kupiga.